Kumfundisha Mwanafunzi wa Kihispania Kutoa Maoni Juu ya Vyombo vya Habari



Magazeti, redio, televisheni na simu za mkononi tunavijua sote. Tunajua pia kwamba kuanzia kiwango cha B1 mwanafunzi hutarajiwa kutoa maoni, na kwamba katika DELE B2, mtihani wa Instituto Cervantes, hukaa mbele ya mtahini akijadiliana naye. Sitakawia hapo.

Tatizo langu ni hili: wanafunzi wetu wana misemo ya kutolea maoni, lakini hawana maoni. Muulize mmoja kuhusu magazeti, atajibu bila kusita, “En mi opinión, la prensa es muy importante.” Ukiongeza “¿Por qué?”, ananyamaza, au anarudia sentensi ileile. Vitabu humpa ukurasa mzima wa vianzio vya sentensi, kisha humtaka ajadili televisheni kwa jumla. Nani awezaye kubishania televisheni kwa jumla? Kwa heshima zote kwa waandaaji wa mitaala, suala hili limeletwa vikaoni mara nyingi na silabasi ni ileile.

Sarufi nayo hukwama hapohapo. Baada ya “creo que” tunasema “es”. Tukikanusha, “no creo que”, kitenzi huingia hali tegemezi, “sea”. Sisi husema “nadhani ni kweli” na “sidhani kama ni kweli” pasipo kitenzi kubadilika, ingawa hali tegemezi tunayo katika “nataka aende”. Mazoezi ya kujaza nafasi hayajatuvusha. Asiye na la kupinga, “no creo que” ya nini?

Darasani kwangu mimi hutumia habari moja mahususi, ya Machi 11, 2004. Mabomu yalilipuka katika treni za abiria Madrid, yakaua watu zaidi ya 190. Serikali ya José María Aznar ilishikilia kuwa ni ETA, kundi la Wabasque waliotaka kujitenga; Aznar mwenyewe aliwapigia simu wahariri wa magazeti makubwa, na toleo maalumu la El País siku hiyo likaitaja ETA katika kichwa cha habari. Haikuwa ETA. Tarehe 13 watu walitumiana ujumbe wa simu uliomalizikia na “pásalo”, yaani upitishe, wakikusanyika mbele ya makao ya chama tawala. Kesho yake kikashindwa uchaguzi.

Hapo nauliza: mhariri angefanyaje? “No creo que tuviera otra opción,” akasema binti mmoja ambaye kwa kawaida huwa kimya. Jirani yake akamrukia: “¡Pues yo sí!” Hakuna aliyetazama ukurasa wa vianzio.

Napendekeza kila kipindi cha mada hii kijengwe juu ya habari moja mahususi. Vitabu vikichapishwa upya, vianzio vipunguzwe na habari halisi ziongezwe. Mwalimu asimkatize mwanafunzi katikati ya hoja kusahihisha kitenzi. Akiandike, akirudie mwishoni. Katika mitihani yetu ya ndani, msemo mtupu usipewe alama. Wanafunzi walinganishe kurasa za mbele za El País na ABC za siku moja, kila mmoja akitetea kichwa kimoja. Narudia, maana ndilo linalosahaulika semina ikiisha: habari moja, si vyombo vya habari kwa jumla. Idara zisizo na fungu la kununulia magazeti zichapishe kurasa hizo mbili kwa wino mweusi. Zinatosha darasa zima.