Hotuba ya Walimu wa Shule ya Muziki, Ngoma na Uchoraji, Nyarugusu



Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi wa Kongo. Mwaka 2015 tuliwapokea ndugu zetu wa Burundi, wakatuletea upigaji wa ngoma wa kwao. Shule yetu inasimamiwa na kanisa, lakini hatumwulizi mtoto dini yake.

Baadhi ya wazazi wanasema binti asipige ngoma. Ni kweli, Burundi ilitoa amri mwaka 2017 ya kuwakataza wanawake. Mila tunaziheshimu. Ila tunaye binti aliyekaa kimya tangu afike kambini; siku aliyoshika vijiti vya ngoma ndipo alipofungua kinywa. Wazazi, tunawasihi: msimnyang'anye vijiti hivyo.