Usifiche Zabuni

Hotuba ya fundi na mmiliki wa duka la ushonaji kwa wanawake wafanyabiashara, Kilifi

 

Nimeitwa niwaeleze siri ya mafanikio. Mimi nitawaeleza siri iliyonitia hasara.

Miaka kadhaa iliyopita niliona tangazo la zabuni ya sare limebandikwa ukutani. Nililisoma, nikalipiga picha, nikaenda zangu kimya. Mtaani kwetu tulikuwa mafundi wanne, wote wanawake, na sikutaka hata mmoja ajue. Niliomba, nikapata: sare 400 kwa wiki 3. Nilikuwa na vyerehani 2.

Nilishona usiku na mchana. Siku ya mwisho ilipofika nilikuwa na sare 230. Oda ikafutwa, na deni la kitambaa nililipa mwaka mzima. Jirani yangu, ambaye vyerehani vyake 5 vilikuwa vimelala wiki hizo zote, aliniuliza swali moja tu: "Dadangu, mbona hukuniambia?" Sikuwa na jibu.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Jirani huyo ndiye niliyeanza naye kikundi, na leo tuko 9. Anayeona zabuni huiweka kwenye kikundi chetu cha simu siku hiyo hiyo. Anayepata oda hugawa kazi, na malipo ya kila mmoja huandikwa kabla mkasi haujagusa kitambaa. Tumegombana, sitawadanganya. Lakini hatujachelewesha oda tena.

Nafasi zipo. Sheria inataka asilimia 30 ya zabuni za serikali kuu na za kaunti zitengewe wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ili uzipate, sajili biashara yako chini ya mpango wa AGPO. Usajili ni bure. Ukipata oda na huna mtaji, uliza kuhusu mkopo wa oda katika Women Enterprise Fund, hazina iliyoanzishwa mwaka 2007. Hata hivyo, cheti hakishoni nguo. Wanaoshona ni watu, na watu hao wako ukumbini humu.

Kwa viongozi wetu nasema kwa heshima: tukileta bidhaa kwa wakati, tulipwe kwa wakati. Mama aliyekopa kununua kitambaa hawezi kungoja miezi na miezi, kwa sababu riba haimngojei.

Nanyi dada zangu, kabla hatujaenda kunywa chai, usichukue tu namba ya simu ya aliyeketi kando yako. Muulize anatengeneza nini, anaweza kutoa kiasi gani kwa wiki, na amekwama wapi. Kisha mwambie kuhusu zabuni uliyoiona juzi, ile ambayo bado hujamwambia mtu.