Malalamiko ya Jirani si Wivu: Karakana za Nyumbani na Haki ya Utulivu

Mhadhara wa umma, Myanga, Kaunti ya Bungoma



Nimeomba tukutane Myanga badala ya ukumbi wa chuo kwa sababu wanaohusika na jambo hili wanaishi hapa, na wengi wao hawana nauli ya kwenda mjini kusikiliza mhadhara. Ninazungumzia fundi anayefanya kazi nyumbani kwake, na jirani anayeteseka kwa kazi hiyo. Wote wawili ni watu wetu.

Kwetu, anayelalamikia karakana ya jirani hujibiwa kwa neno moja: wivu. Anaona mwenzake ameanza kuinuka, roho inamuuma. Hataki mtoto wa watu apate unga. Neno hilo likishatamkwa, shauri limekwisha kabla ya kusikizwa, kwa kuwa hakuna anayetaka kujulikana kijijini kama mtu wa husuda. Basi mama mwenye mtoto mchanga ananyamaza. Mpangaji ananyamaza hadi mwisho wa mwezi, halafu anahama. Mzee mwenye kifua anafunga madirisha mchana kutwa. Ninachotaka kuwaambia leo ni kwamba ukimya huo unamuumiza hata fundi. Malalamiko yaliyozuiwa mlangoni hutokea kwingine: barua isiyo na jina inafika ofisi za kaunti, askari wanakuja na lori, mashine iliyonunuliwa kwa mkopo inabebwa. Fundi anauliza kwa uchungu kwa nini hakuambiwa mapema. Hakuambiwa kwa sababu wa kumwambia aliogopa kuitwa mwenye wivu.

Tuangalie kwanza karakana ilivyofika nyumbani. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, ulitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya, na ripoti hiyo ikaishauri serikali iache kuwafukuza watu wa kazi ndogo ndogo, maana ndio waliokuwa wakijitengenezea ajira. Ilichukua muda ushauri huo kufuatwa. Mwaka 1985 Rais Moi alifika kwa mafundi wa Kamukunji, Nairobi, na kuagiza wajengewe vibanda vya kuwakinga na jua na mvua. Mwaka 1992 ukaja waraka wa sera juu ya mafundi hao wa jua kali, na mwaka 2012 Sheria ya Biashara Ndogo. Vibanda vikajengwa katika maeneo bunge mengi, na vingi kati yake vikakaa bila mitambo na bila mafundi, kwa sababu vilijengwa palipopatikana ardhi ya serikali wala si palipo na wateja.

Halafu stima ikafika mashambani. Mwaka 2015 serikali ilianzisha mradi wa Last Mile, na gharama ya kuunganishiwa umeme ikashuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Kabla ya hapo fundi wa kuchomelea alilazimika kukodi chumba sokoni, kwa kuwa nguzo za umeme ziliishia huko. Sasa waya umeingia bomani kwake. Kwa nini aendelee kulipa kodi sokoni, aache vifaa vyake vilindwe na kufuli la shilingi mia mbili, na chakula cha mchana akinunue hotelini? Akiwa nyumbani, vifaa viko salama na wanawe wako machoni pake. Mimi simlaumu. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo.

Lakini ardhi nayo imekatwa. Baba aliyekuwa na ekari kadhaa aliwagawia wanawe, nao wakauza vipande vya futi hamsini kwa mia. Katika kila kipande panasimama nyumba, au safu ya vyumba vya kupanga. Kelele ambayo zamani ingemezwa na mahindi na miwa sasa inagonga ukuta wa chumba cha kulala cha mtu mwingine.

Kuna jambo lingine ambalo mara nyingi halisemwi. Jirani anayelalamika naye anafanya kazi nyumbani. Tangu Machi 2020, korona ilipoingia nchini na ofisi na shule zikafungwa, tumewazoea walimu wanaofundisha kwa simu wakiwa sebuleni na vijana wanaoandika na kunukuu kazi za watu wa ng'ambo kwa kompyuta. Kuna muuguzi wa zamu ya usiku, ambaye usingizi wake wa mchana ni sehemu ya kazi yake, na kuna mshonaji na cherehani yake, ambaye kwa kawaida hakuna anayemsikia. Kwa hiyo si haki kusema kwamba upande mmoja kuna mchapakazi na upande wa pili kuna mvivu anayetaka kulala. Mara nyingi ni kazi mbili zinazogombania hewa moja.

Mgongano wa namna hii si mgeni mahakamani. Wanasheria wanaijua vizuri kesi ya Sturges na Bridgman, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1879. Bridgman alikuwa mtengenezaji wa peremende jijini London, na kwa zaidi ya miaka 20 alitwanga viungo vyake kwa vinu vikubwa bila kusumbuliwa na mtu. Jirani yake, Sturges, alikuwa daktari. Daktari akajenga chumba cha kuwaonea wagonjwa mwisho wa bustani yake, kikapakana na jiko la yule bwana, na mara akaona kwamba mtetemo na kelele vinamzuia kusikiliza vifua vya wagonjwa. Akashtaki, akashinda. Mahakama ilikataa hoja kwamba mwenye vinu alitangulia. Ikasema pia kwamba uzito wa kero hupimwa kwa hali ya mtaa: kinachoudhi katika mtaa wa makazi huenda kisiwe kosa katika mtaa wa viwanda.

Mwaka 1960 mwanauchumi Ronald Coase aliirejea kesi hiyo akasema madhara haya ni ya pande zote mbili, maana kumlinda daktari ni kumuumiza mtengenezaji wa peremende, na kwamba kama mapatano hayana gharama, wawili hao wangeweza kununuliana haki. Hoja yake ya kwanza naikubali kabisa. Ya pili haitufai Myanga. Mpangaji wa chumba kimoja hana pesa za kununua utulivu, na fundi aliyekaa kwenye ardhi aliyorithi kwa baba yake, makaburi ya wazee yakiwa pale pale, hawezi kuambiwa ahame kama anayebadilisha duka. Mapatano yetu hayana budi kutafutwa katika saa za kazi na katika kuta, na hapo kuna nafasi kubwa kuliko tunavyodhani.

Nawaomba mnivumilie kwa hesabu. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2009, chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, zinaweka vikomo kwa desibeli. Penye makazi yaliyochanganyika na biashara kikomo cha mchana ni 55. Penye makazi matupu, nje ya nyumba, ni 50. Usiku ni 35 kote. Mchana huanza saa kumi na mbili asubuhi na kuishia saa mbili usiku. Na kinachopimwa ni wastani wa kipindi chote, wala si mlio mmoja.

Grinda inayokata chuma hutoa kama desibeli 100 ukisimama mita moja kutoka kwayo. Kila umbali unapozidishwa mara mbili mahali pa wazi, desibeli hupungua kama sita. Kwa hiyo kwenye mita 16, ambazo ni karibu upana wa ploti ya futi hamsini, jirani anapokea 76. Fundi akiiwasha kwa jumla ya saa moja tu kwa mchana mzima wa saa 14, wastani unashuka hadi karibu 64 au 65. Akijenga ukuta imara wa matofali kati ya grinda na jirani, mrefu kuliko mashine na kichwa cha fundi, anaweza kupunguza kama kumi tena. Anabaki na 54 au 55. Yuko ndani ya sheria ya mtaa uliochanganyika! Katika makazi matupu itambidi apunguze muda hadi kama dakika 20, au kazi ya kukata aipeleke sokoni na nyumbani abaki na kuunganisha na kupaka rangi.

Usiku mambo ni tofauti. Hata akiwa na ukuta ule ule, dakika tano za grinda baada ya saa mbili usiku zinapita kikomo cha 35 kwa mbali. Hakuna ufundi wa kuziingiza ndani ya kikomo hicho. Ndiyo maana nasema saa za kazi ndizo kiini cha ugomvi huu, na ndipo fundi anapaswa kukubali bila kujadiliana.

Kelele si yote. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, limeliweka vumbi la mbao katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani tangu mwaka 1995, na moshi wa kuchomelea mwaka 2017. Anayevuta zaidi ni fundi mwenyewe, tena bila barakoa. Watoto wa jirani nao hukusanyika kutazama cheche, na usiku ule ule wanaamka wakilia kwamba macho yamejaa mchanga: ni mwale wa mwanga wa kuchomelea umewachoma. Pazia la turubai zito lisiloshika moto haraka, au la bati, linawalinda. Na taa za nyumba jirani zinapofifia kila fundi anapogusisha chuma, jirani hana chuki; mashine inavuta umeme mwingi kwenye transfoma wanayoitumia pamoja. Fundi anapaswa kuomba kampuni ya umeme impe laini inayobeba mzigo huo.

Kaunti yetu inajua gharama ya kuchagua kati ya kazi na pumzi. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilifanya kazi kuanzia 1974 hadi kilipofungwa mwaka 2009. Kiliajiri watu, kikalea mji. Wakazi walilalamikia harufu, na mabati ya nyumba zao yaliyoliwa na kutu kabla ya wakati. Kwa miaka mingi waliambiwa, kwa maneno au kwa kupuuzwa, kwamba ajira ndiyo hiyo na harufu ndiyo hiyo. Kilipofungwa walikosa kazi, na mabati yao yalikuwa yameshaharibika. Sitaki tuirudie hali hiyo kwa vipande vidogo vidogo, ploti baada ya ploti.

Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko Bungoma na iko Kitale. Lakini mpangaji anayelipa kodi kwa shida hatafungua kesi huko, na sidhani anapaswa kulazimika. Katiba hiyo hiyo inaikabidhi kaunti jukumu la kudhibiti kelele na kero za umma, na kifungu cha 159 kinahimiza usuluhishi. Baraza la chifu na liguru, yaani mzee wa kijiji, linatosha kwa mashauri mengi ya aina hii, ilimradi mambo mawili yazingatiwe: wapangaji wasikizwe sawa na wenye ardhi, na neno wivu lisikubaliwe kuwa jibu. Anayesema kelele imezidi aulizwe saa ngapi, siku gani, kutoka upande gani. Hayo ndiyo maswali ya shauri.

Kwa hiyo naiomba Serikali ya Kaunti ya Bungoma iweke kipima kelele katika kila kaunti ndogo, hii yetu ya Bumula ikiwemo, na iache kubeba mashine za watu kabla ya kikao kufanyika. Naliomba bunge la kaunti litenge mahali pa mafundi karibu na masoko yenyewe. Nawaomba wenye ploti waandike saa za kazi katika mapatano ya kupangisha. Na ninyi mafundi mliokuja leo: kabla hamjanunua mashine, nendeni mkazungumze na nyumba zote zinazopakana nanyi, jengeni ukuta kwanza, na ikifika saa mbili usiku zimeni grinda.