Warsha ya Programu za Maktaba: Kila Meza Watu Wawili
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Buruburu)

Tumeitana kupanga warsha ya vijana wetu wanaotengeneza programu za maktaba. Lakini kabla hatujahesabu viti na sahani, turudi nyuma kidogo.

Mnaikumbuka programu ya kwanza ya chumba chetu cha kusomea. Kijana alikaa na kompyuta peke yake wiki tatu, akatuletea kazi maridadi, tukapiga makofi. Halafu akapata kazi mbali. Siku ile mashine ilipokataa kuwaka, hakuna aliyejua orodha ya vitabu iko wapi wala itolewe vipi. Tulirudi kwenye rejesta ya karatasi, na vitabu vingine vya watoto hatujaviona mpaka leo. Kijana hatumlaumu. Kosa lilikuwa letu, hatukukaa naye.

Kwa hiyo safari hii kila mtengenezaji programu aketi meza moja na mtu anayeazimisha vitabu.

Wenzetu wameshafanya hivyo. Iko programu iitwayo Koha, iliyotengenezwa New Zealand kwa ajili ya maktaba za Horowhenua, ikaanza kazi Januari 2000. Mtambo wao wa zamani ulihofiwa kugoma mwaka ukigeuka. Badala ya kununua mwingine, wakatengenezesha wao, kisha wakautoa bure kwa yeyote. Jina ni la Kimaori, maana yake zawadi. Leo hata baadhi ya vyuo vikuu vya Kenya vinaitumia. Na desturi yao ni kwamba hakuna anayejipitishia kazi yake. Marekebisho aliyoandika mmoja hujaribiwa na mwingine, ndipo wakaguzi wayaangalie. Mkutubi asiyejua kuandika programu anaweza kuwa huyo mjaribu. Hata sisi!

Sasa, wajaribu nini? Chukueni Ngũgĩ wa Thiong'o. Mtoto hataweka zile alama juu ya u na i, ataandika Ngugi tu. Je, programu itamletea vitabu vyote, au itasema hakuna? Tena mmoja akimwingiza kwa Ngũgĩ na mwingine kwa Thiong'o, mwandishi mmoja amekuwa wawili. Shaaban Robert naye, wangapi huandika Shabaan? Halafu leteni vile vijitabu vya kilimo visivyo na namba ya ISBN, tuone kama vitaingia. Mhadhara uwe wa asubuhi moja tu, na hata huo tungeupunguza.

Kila siku kabla ya chakula, kila meza itoe nakala ya orodha yake na kuirudisha kwenye kompyuta nyingine. Mama wa rejesta ndiye ashike kipanya, kijana aweke mikono mfukoni.

Intaneti tusiitegemee. Programu ziwekwe wiki moja kabla, kompyuta moja iwe seva, nyingine ziungwe nayo kwa nyaya. Stima mnaijua, basi seva iwe na betri. Na majina halisi ya waazimaji tusiyatumie kwa mazoezi. Sheria ya Kulinda Data iko tangu 2019, na pia si heshima jirani kusomwa anaazima nini. Tubuni majina.

Meza sita, watu kumi na wawili. Waliopendekeza hamsini, tuwieni radhi, hiyo ni harusi.

Chakula tunawaachia akina mama wa Jumatano, wamekwisha kukubali. Kilichobaki ni rejesta. Kila kikundi kilete yake Jumamosi, hata ile iliyoliwa na panya, tuchague sita za kufanyia kazi.