Kitolewe Kikiwa Bado Kizima

Msikilizaji, jiki tunaijua: hung'arisha shati jeupe, huua vijidudu chooni. Nchini Ufaransa, miaka kumi na kitu iliyopita, baadhi ya maduka makubwa yalikuwa yakiimimina juu ya chakula. Mtindi, mkate na nyama vilivyokaribia tarehe ya mwisho vilitupwa kwenye mapipa ya nyuma ya duka, kisha jiki ikafuata, ili anayekuja usiku kupekua asipate kitu. Wenye maduka walijitetea kwamba mtu akiugua watashtakiwa. Utetezi huo siukubali hata kidogo. Anayeogopa mtu asiugue hatii sumu kwenye chakula anachojua mwenye njaa atakifikia.

Diwani mmoja wa Courbevoie, kando ya Paris, Arash Derambarsh, alianza kugawia watu chakula kilichobaki madukani, akakusanya sahihi zaidi ya 200,000. Mbunge Guillaume Garot akalibeba suala hilo bungeni, na Februari 2016 Seneti ikapitisha sheria kwa kauli moja. Duka lenye zaidi ya mita za mraba 400 lisiharibu chakula kinacholika, na liandikiane mkataba na shirika la misaada. Linaloharibu chakula hicho, faini euro 3,750. Mwaka 2020 adhabu ya kuharibu chakula ikapandishwa hadi asilimia 0.1 ya mauzo ya mwaka mzima, na kwa kampuni kubwa hizo ni fedha nyingi.

Ilikuwa hatua kubwa, na ninaisifu. Ila tuusome mkataba wenyewe. Sheria haikusema duka litoe kiasi gani. Kanuni za Desemba 2016 zinataka chakula chenye tarehe ya mwisho kiwe kimebakiza saa 48 kinapochukuliwa, isipokuwa shirika lithibitishe kuwa litawahi kukigawa. Saa 48, msikilizaji! Ndani ya muda huo watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu, wafike na gari, wachambue kilichooza na kizima, wakitie kwenye jokofu, wawaite wenye shida, wagawe. Kikipokelewa Ijumaa jioni, Jumapili jioni muda umekwisha. Kisichowahi hutupwa, na anayekitupa sasa ni shirika. Duka limeepuka gharama ya taka, na kwa msaada huo sheria ya kodi inaweza kulipunguzia kodi kwa hadi asilimia 60 ya thamani ya chakula kile.

Wapo watakaoniambia nihangaike na majumbani kwanza. Ripoti ya 2024 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake pale Gigiri, Nairobi, inakadiria kuwa tani bilioni 1.05 za chakula zilipotea mwaka 2022: nyumbani asilimia 60, mahotelini na migahawani 28, madukani 12. Ni kweli. Lakini cha nyumbani hupotea kijiko kwa kijiko, katika mamilioni ya majiko, na hakuna gari litakalopita kukikusanya. Cha dukani kiko mahali pamoja, kimefungwa, kiko kwenye baridi, na yupo mfanyakazi anayejua kila asubuhi pakiti ngapi zinakaribia tarehe. Hakuna chakula kilicho rahisi kuokolewa kama hicho.

Supamaketi zinaongezeka Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, na kila inapofunguliwa mpya hufuata pipa la nyuma yake. Watunga sheria wetu wakiamua kuiga Ufaransa, wasianze na sahihi za mkataba, waanze na saa. Chakula kitoke kwenye rafu kikiwa kimebakiza siku za kutosha kupikwa na kuliwa. Uchambuzi ufanywe na duka lenyewe kabla gari halijafika. Na gari la baridi lilipiwe na duka linalopunguziwa kodi, si na mstaafu anayetoa mafuta mfukoni mwake.