Kupanga Safari ya Motokaa Katika Nchi ya Wakulima

Jioni hii tumepewa nafasi ya kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulidhani kuwa dogo, nalo ni kupanga safari. Hatusemi habari za safari ya mbali ya meli au ya ndege. Twasema safari ya siku moja au mbili kwa motokaa, kupita katika mashamba na miji midogo ya nchi yetu wenyewe. Huenda mtu akacheka na kusema, "Safari kama hiyo yahitaji kupangwa nini? Panda gari, uende." Sisi nasi tulisema hivyo zamani, na maneno hayo yalitugharimu, tena yaliwagharimu watu wengine zaidi kuliko sisi.

Sisi tusemao nanyi ni walimu wa Nassa, penye Ghuba ya Speke, katika wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu. Mkoa huu uliundwa mwaka 2012. Kabla ya hapo upande wetu ulikuwa chini ya Mwanza, na upande wa Bariadi na Maswa ulikuwa chini ya Shinyanga. Ni nchi ya pamba, mtama, mahindi, viazi vitamu na ng'ombe.

Mwaka mmoja, katika mapumziko ya Pasaka, mwezi wa Aprili, tuliwachukua wanafunzi 30 ili tuwaonyeshe nchi yao. Tulikodi basi dogo. Tulihesabu kilomita katika ramani ya simu, tukagawanya kwa mwendo wa gari, tukapata saa. Kisha tukaona kwamba kazi ya kupanga imekwisha. Tulikwenda vema kwa barabara ya lami mpaka Lamadi, kisha Bariadi. Kutoka hapo tukaiacha lami, tukashika njia ya udongo kuelekea upande wa Itilima, maana ramani ilituonyesha kuwa ni njia fupi ya kufikia kijiji tulichokusudia.

Penye njia panda tulimkuta mzee mmoja anachunga ng'ombe. Tulimwamkia, naye akaitikia, akatazama magurudumu yetu, akasema, "Mwalimu, jana mvua ilinyesha kule juu. Mbuga imelewa." Tukamjibu, "Asante, mzee, lakini hapa mbona ni pakavu? Nayo ramani yatuonyesha njia." Mzee hakubishana nasi. Alisema tu, "Haya, baba. Ninyi ndio wasomi."

Hatukufika mbali. Katika bonde la kwanza basi lilizama mpaka mhimili. Tulisukuma, tukakata matawi tukayatandika chini ya magurudumu, lakini kila tulivyozidi kujitahidi ndivyo lilivyozidi kuzama. Jua likatua. Mtoto mmoja akashikwa na homa kali. Hatukuwa na chakula ila mikate michache, wala maji ila chupa chache.

Mama mmoja, ambaye nyumba yake ilikuwa kwenye mwinuko juu ya bonde lile, alisikia kelele zetu akaja na taa. Akatuchukua sote, watoto 30 pamoja na walimu na dereva, akatupikia uji wa mtama, akatupa michembe na karanga. Alfajiri wanawe walimpakia mgonjwa katika mkokoteni wa ng'ombe, wakampeleka zahanati, akapata dawa, akapona. Baadaye walifunga jozi nne za ng'ombe wakalivuta basi letu likatoka. Tulimshukuru yule mama, tukampa fedha kidogo, akazikataa. Tukarudi nyumbani tukiisifu sana ukarimu wa watu wetu.

Yalipopita majuma machache tuliketi, tukaulizana, "Kosa letu lilikuwa nini?" Mmoja wetu alisema ni bahati mbaya. Lakini bahati haikuwa na sehemu kubwa hapo. Mchunga ng'ombe aliijua habari yote kabla hatujaingia bondeni. Kwa hiyo tuliazimu kujifunza alichokijua.

Jambo la kwanza alilolijua ni udongo. Wakulima wa Usukuma tangu kale wana majina ya kila aina ya udongo. Karibu na vilima kuna luseni, udongo wa mchanga, mwepesi, upitishao maji upesi. Ukishuka zaidi wakuta itogolo, wenye tabaka gumu chini yake. Na mabondeni kabisa kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi. Udongo huo mweusi huvimba unapokunywa maji, ukanata kama gundi. Na wakati wa kiangazi hukauka na kupasuka nyufa ambazo mguu wa ndama waweza kuingia. Mtaalamu mmoja wa udongo, Bwana Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, huko Usambara, mwaka 1935 aliupa mpangilio wa namna hii jina la Kilatini, catena, maana yake mnyororo: udongo hufuatana kutoka kilimani mpaka bondeni kwa utaratibu ule ule, kilima baada ya kilima. Jina lake likaenea katika vitabu vya wataalamu wa udongo duniani. Lakini mkulima anayepanda karanga kwenye luseni na mpunga kwenye mbuga alikuwa akiufuata mnyororo huo kwa jembe lake kabla haujaandikwa.

Sasa fikirini, wasikilizaji. Ramani ya simu huichora njia kwa mstari mmoja, Aprili na Agosti, juu ya mchanga na juu ya mbuga. Haikudanganya ilipotuambia kuwa njia ipo; sisi ndio tuliodhani kwamba njia kuwapo ni sawasawa na njia kupitika. Tena pale tuliposimama na yule mzee palikuwa pakavu kwa sababu tulikuwa juu, penye mchanga. Mvua ya jana ilikuwa imekwisha kushuka, nayo ilikuwa ikitungoja chini.

Jambo la pili ni majira. Kwetu mvua huanza katika Oktoba au Novemba, hupungua kidogo baada ya mwaka mpya, kisha hurudi na kuzidi katika Machi na Aprili, na mwezi wa Mei huelekea kwisha. Kuanzia Juni mpaka Septemba ni kiangazi. Mzungu Speke, ambaye ghuba yetu yaitwa kwa jina lake, aliondoka Tabora, iliyoitwa Kazeh wakati ule, mwezi wa Julai 1858, pamoja na Sidi Mubarak Bombay na wapagazi. Walipita katika nchi ya Wasukuma kwa miguu wakati wa kiangazi, na tarehe 3 Agosti wakalitazama ziwa karibu na Mwanza. Mabonde yale yale ambayo mpagazi huyavuka mwezi wa Julai akiwa na mzigo kichwani, mwezi wa Aprili hulizuia gari lenye injini.

Jambo la tatu hatukulijua mpaka tuliporudi kwa yule mama, na habari yake tutaisema punde.

Basi tulipanga safari ya pili, na safari hii tulipanga kweli. Tulichagua likizo ya Juni, baada ya mvua. Tuliwaagiza wanafunzi wachore njia nzima ubaoni, nao wakachora: kutoka Nassa kuishika barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma, mpaka Lamadi, kutoka Lamadi mpaka Bariadi, kadiri ya kilomita 72, kutoka Bariadi mpaka Maswa, kadiri ya kilomita 50. Mwanafunzi mmoja akafanya hesabu, akasema, "Mwalimu, kutoka Lamadi mpaka Maswa ni kilomita 122. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, ni saa mbili na dakika mbili." Tukamwambia, "Hesabu yako ni sahihi, lakini hiyo ni hesabu ya gari lisilosimama. Sisi twasafiri ili tusimame." Kwa hiyo tukaziandalia kilomita hizo siku nzima, na siku ya pili tukaiweka kwa kurudi.

Kisha kila kundi la wanafunzi lilipewa mahali pake na swali la kuuliza. Kundi la Lamadi liliambiwa liulize wakulima wanaishije jirani na Serengeti, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na wanafanya nini ndovu wanapotoka porini na kuingia mashambani. Kundi la Nyakabindi lilitazama viwanja ambapo maonyesho ya kitaifa ya Nane Nane yalifanyika mwaka 2018, 2019 na 2020, likauliza wakulima wa jirani walijifunza nini hapo ambacho bado wanakitumia. Kundi la Bariadi lilipewa habari ya pamba: jinsi inavyochambuliwa, safi ikatengwa na chafu, jinsi inavyopimwa kwenye mizani, na kwa nini miti ya pamba hung'olewa na kuchomwa baada ya mavuno ili wadudu wasipate pa kujificha mpaka msimu ujao. Kundi la Maswa liliuliza habari za chaki, maana katika miaka ya 2010 vijana wa mji huo walianzisha kiwanda cha chaki. Na ni mwanafunzi gani asiyependa kujua habari za kitu anachokitazama ubaoni kila siku?

Pia tulipeleka salamu mapema. Majuma mawili kabla ya safari tuliwaandikia walimu wenzetu na viongozi wa vijiji ambako tungesimama, tukataja siku, saa na hesabu yetu. Tulichukua unga, maharage, maji na dawa zetu wenyewe. Na penye kila njia ya udongo, dereva aliagizwa asimame amwulize mtu wa mahali pale, si kama njia ipo, bali kama ni nani aliyepita leo, na kwa chombo gani. Kuuliza si ujinga.

Siku ya pili, tulipokuwa tukirudi kutoka Maswa, tuliichepukia ile njia ya Itilima. Mbuga ilikuwa kavu na ngumu, imepasuka, nasi tukavuka pale tulipozama tusipate taabu yoyote ila kutikiswa. Tulimletea yule mama magunia mawili ya unga. Alitupokea kwa furaha, akamwuliza yule mtoto aliyekuwa mgonjwa habari za afya yake, lakini magunia akayakataa. Akasema, "Walimu wangu, chakula cha mgeni hakilipwi."

Ndipo mjukuu wake, msichana mdogo, akasema bila kujua kwamba lile neno halikupaswa kusemwa, "Lakini bibi, siku ile ulitoa mtama wote. Tukaenda kukopa kwa mjomba mpaka mavuno."

Tulinyamaza kimya. Mwezi wa Aprili, wasikilizaji, ndio mwezi ambao ghala za wengi ziko karibu kwisha, na mazao mapya bado yako shambani. Sisi ni wana wa wakulima. Hatukuhitaji kufundishwa hilo. Hata hivyo tulikuja watu zaidi ya 30 katika mwezi wa njaa, bila unga, tukala akiba ya nyumba moja katika usiku mmoja, kisha tukarudi tukisifu ukarimu. Wahenga husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Sisi tulikuja, na mwenyeji akaingia katika deni.

Mama yule alimkaripia mjukuu wake kidogo. Tukamwambia, "Mama, haya si malipo ya ukarimu wako, maana huo hatuwezi kuulipa. Hili ni deni la mjomba." Akafikiri kitambo, kisha akacheka, akasema, "Kama ni la mjomba, basi siwezi kulikataa kwa niaba yake." Akapokea gunia moja, la pili akatuambia tulipeleke sisi wenyewe kwa mjomba, ili tumwamkie. Tukaenda, tukamwamkia. Naye alikuwa ni nani? Alikuwa ni yule mzee mchunga ng'ombe wa njia panda. Hakutukumbusha neno lolote. Aliuliza tu, "Safari hii mmepitaje?" Tukamjibu, "Salama, mzee. Tuliuliza kwanza."

Basi, ninyi mnaotusikiliza, na ninyi mtakaosoma maneno haya katika kijitabu, hasa wanafunzi, mkitaka kupanga safari katika nchi ya wakulima, msianze na kilomita. Anzeni na maswali manne. Njia yetu itapita juu ya udongo gani? Tutapita katika majira gani? Watakaotupokea ni nani, nao wana nini ghalani mwezi huo? Na la nne: je, yuko mtu wa mahali pale aliyetuonya, nasi tukamjibu kwa ramani? Mkiisha kuyajibu hayo, ndipo mhesabu kilomita na saa, na hesabu yenu itakuwa na maana.

Nchi hii ni nzuri kuitazama, na miji yake midogo ina mengi ya kufundisha. Tena hakuna shamba mtakalolipita lisilo na mwenyewe. Twawatakia safari njema. Kwaherini.