Breki zako zitakushika?

(Maongezi ya fundi baiskeli na wanakisomo, Uyole, Mbeya)

Leo nimeombwa niseme juu ya breki za baiskeli. Sisemi zile breki za vyuma virefu za baiskeli za zamani. Nasema breki za waya zenye mikono miwili, mafundi wengine huziita kantileva. Mkono mmoja uko kushoto kwa gurudumu, mwingine kulia. Waya mfupi unaiunganisha mikono hiyo kwa juu. Waya mrefu unaotoka kwenye usukani huuvuta ule mfupi katikati, na raba zinabana ringi.

Sisi wa Uyole tunaujua mteremko wa Igawilo. Mtu anashuka na gunia la viazi kwenye karia, anakuja sokoni. Mwaka 2018 lori lilikosa breki kwenye mteremko ule, likagonga magari, watu wengi wakafa. Baiskeli haina uzito wa lori, lakini anayeiendesha hana hata bati la kumkinga.

Haya, tuanze. Futa ringi kwa kitambaa kikavu. Usitie mafuta hapo hata tone moja. Kisha legeza nati ya raba kwa spana namba 10, uipange. Raba iguse ringi tu. Ikipanda juu itakula tairi mpaka tyubu ipasuke. Ikishuka chini itateleza na kuingia kwenye spoki.

Kabla ya kukaza nati, weka karatasi iliyokunjwa kati ya ringi na ncha ya nyuma ya raba. Kaza, halafu itoe. Sasa ncha ya mbele itatangulia kugusa. Usipofanya hivyo breki italia kama mbuzi, na kijiji kizima kitajua unakuja.

Kwenye waya msaidiane. Mmoja abane mikono ya breki, mwingine avute waya kwa koleo na kukaza nati. Mkiachia, ibaki nafasi ya milimita 2 kila upande, kama unene wa sarafu. Raba moja ikibaki inagusa ringi, tafuta skrubu ndogo kwenye mkono huo. Ikaze kidogo kidogo, mkono utasogea nje.

Wengi huniambia, "Fundi, nikazie, nataka breki ngumu." Mimi sikubali. Breki ngumu siyo breki inayoshika. Waya mfupi ukichongoka juu sana kama paa la msonge, breki inakuwa ngumu mkononi lakini raba hazibani sawasawa. Ushushe kiasi. Breki itakuwa laini, na itabana zaidi. Ila usiushushe mpaka ukaribie tairi.

Sasa nawaambia jambo la aibu, maana mimi ni fundi. Niliona nyuzi tatu zimekatika kwenye waya wa breki yangu ya mbele. Nikasema, nitabadilisha kesho. Kesho hiyo nikawa mteremkoni, waya ukakatika wote. Mnadhani nilikosa breki tu? La! Ule waya mfupi ulianguka juu ya tairi, ukanasa kwenye meno yake. Gurudumu la mbele likasimama ghafla, nami nikarushwa mbele ya usukani. Huu mkono wa kushoto mnaouona haunyooki mpaka leo.

Kwa hiyo ukiona hata uzi mmoja umekatika, badilisha waya mzima siku hiyo hiyo. Tena usitoe madigadi ya mbele, wala kile kichuma kinachoshika kioo cha kung'aa juu ya gurudumu la mbele. Vijana wanaking'oa, wanasema ni pambo tu. Waya ukianguka, hicho ndicho kinaudaka kabla haujafika kwenye tairi.

Ukimaliza yote, simama, bana breki kwa nguvu zako zote mara 10. Waya mpya utalegea kidogo, basi ukaze tena. Kati ya kishikio cha breki na usukani ibaki nafasi ya vidole viwili. Halafu pakia gunia, lakini usipande. Sukuma baiskeli huku umebana breki ya nyuma, kisha ya mbele. Gurudumu likizunguka, shusha gunia urudie kazi.

Haya, aliyekuja na baiskeli ailete hapa mbele. Tuanze na ile yenye kuni.